Taa za baiskeli kwa barabara isiyo na nguzo za taa

Kwenye maduka mengi ya vifaa vya baiskeli utakuta tochi ya usukani imeandikwa kwenye boksi "lumeni 10,000", na pembeni herufi T6. Usibishane na muuzaji, ila jua unachosoma. T6 ni daraja la mwangaza la LED aina ya XM-L ya kampuni ya Cree. LED hiyo ikisukumwa hadi mwisho wa uwezo wake, ampea 3, hutoa takriban lumeni 1,000 na joto la kuunguza vidole. Hata zikipangwa tatu kwenye kichwa kimoja, elfu kumi haifikiwi. Tena kichwa cha tochi chenye ukubwa wa dole gumba hakina pa kulipeleka joto hilo, kwa hiyo dakika chache baada ya kuwashwa mwanga hushuka.

Lakini hata lumeni zikiwa za kweli, bado si kipimo cha kununulia. Lumeni ni mwanga wote unaotoka kwenye taa, popote unapokwenda. Balbu ya LED ya wati 9 ya sebuleni hutoa lumeni 800 na ushee. Ifunge kwenye usukani uone kama utaliona shimo lililo mita 20 mbele: itamulika uso wako, matawi ya miembe na kuta za nyumba, barabara ibaki na makombo. Kinachokuhusu wewe ni luksi, yaani mwanga uliofika pale unapopahitaji. Ndiyo maana Wajerumani, ambao sheria yao ya taa za baiskeli ni kali kuliko nyingi, hawataji lumeni kabisa. Wanataka angalau luksi 10 katika umbali wa mita 10, na mwanga uliokatwa kwa juu, kama ulivyo wa gari likiwasha taa za chini. Taa nzuri za dinamo za huko, kama IQ-X ya Busch & Müller, hufika luksi 100, na zote hizo zinatoka kwenye umeme usiozidi wati 3. Kioo cha ndani kimepindwa kwa hesabu, basi. Kila tone la mwanga linaangukia barabarani.

Kupima dukani ni rahisi. Simama mita 5 kutoka ukutani, washa taa, uangalie umbo la mwanga. Ukiona duara lenye kitovu kikali katikati, hiyo ni tochi, hata kama imeitwa taa ya baiskeli. Ukiona umbo pana lenye ukingo ulionyooka kwa juu, kama umekatwa kwa mkasi, hiyo ni taa ya barabarani. Lumeni 300 za umbo la pili zinakufaa kwenye lami kuliko 800 za duara, na dereva anayekuja mbele yako hafumbi macho. Hili la pili si adabu tu. Dereva aliyefumbwa macho haoni ukingo wa barabara, na ukingo wa barabara ndipo ulipo wewe.

Sasa, unahitaji kuona mbali kiasi gani? Hesabu yake haihitaji shule. Kilomita 20 kwa saa ni mita 5 na nusu kila sekunde. Toka jicho lione shimo hadi vidole vibane breki, sekunde moja na nusu imekwenda, sawa na mita 8. Breki nzuri kwenye lami kavu zitakusimamisha ndani ya mita 5 nyingine. Jumla 13. Kwa kilomita 30 kwa saa jumla hiyo inaruka hadi mita 24. Ila hayo ni ya breki nzuri. Phoenix, au Black Mamba kama wanavyoiita Kenya, ina breki za vyuma zinazobana rimu ya kromu, na rimu ya kromu ikilowa mvua raba haishiki mpaka gurudumu lizunguke mara kadhaa na kujifuta. Hapo hata kwa mwendo wa 20 hesabu mita 20 na zaidi. Taa inayomulika mita 10 mbele ya tairi inakuonyesha utakapoangukia, haikupi nafasi ya kukwepa.

Kwa hiyo: mjini penye taa za barabarani, lumeni 100 hadi 200 zinatosha, kwa sababu pale kazi ya taa ya mbele ni wewe kuonekana. Kwenye lami isiyo na nguzo za taa, tafuta 300 hadi 500 zenye ukingo wa juu. Njia ya vumbi, mchanga na mizizi, ambako unakwenda polepole na matawi yananing'inia usawa wa kichwa, ndiko duara la lumeni 600 hadi 800 linakofaa, kwa kuwa unahitaji kuona juu pia. Zaidi ya hapo unachaji betri bure.

Kuna jambo watu hulikosea sana kwenye mahali pa kufunga. Taa ya kichwani inapendwa kwa kuwa inafuata macho, na kwenye kona inasaidia kweli. Lakini mwanga ukitoka karibu na jicho lako, shimo halina kivuli. Barabara yote inaonekana bapa kama karatasi. Taa iliyofungwa chini, juu kidogo ya gurudumu la mbele pale foki zinapokutana, inachora kivuli kirefu nyuma ya kila kokoto na ndani ya kila shimo. Tena kwenye vumbi na ukungu, taa iliyo karibu na macho inakuwashia pazia jeupe usoni. Kama una kikapu mbele, taa ya usukani itamulika kikapu, kwa hiyo ishushe kwenye foki, au ifunge kwenye pua ya kikapu chenyewe kwa kipande cha bomba. Tochi ya kichwani iwe ya ziada, na uizime watu wanapokuja.

Kuielekeza kuna njia ya zamani ya Kijerumani isiyokosea. Simamisha baiskeli mita 5 kutoka ukutani, umekaa juu yake na mzigo wako wa kawaida ukiwa nyuma. Pima kimo cha taa kutoka ardhini, tuseme sentimita 90. Kitovu cha mwanga kiangukie nusu yake ukutani, sentimita 45. Maana yake kitovu hicho kitagusa barabara mita 10 mbele. Kwa taa yenye ukingo uliokatwa, unaweza kupandisha mpaka ule ukingo uwe chini kidogo ya kimo cha taa yenyewe, na utaona mita 25 hadi 30 bila kumuudhi mtu. Mzigo nimeutaja kwa sababu: gunia la kilo 60 kwenye keria hushusha nyuma na kuinua pua ya baiskeli, na taa uliyoiweka sawa asubuhi bila mzigo jioni inamulika angani. Kosa la upande wa pili ni kuielekeza chini mno. Doa kali mbele ya tairi linaibana mboni ya jicho, na mbele yake giza linazidi kuwa zito. Mtu anadhani taa yake ni dhaifu, kumbe ameiinamisha.

Kuhusu betri. Taa nyingi za kuchaji zina betri ya 18650, na jina hilo ni vipimo vyake: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Uwezo mkubwa wa kweli wa betri ya namna hiyo ni mAh 3,500 hivi. Ukikuta imeandikwa 9,900 au 12,000, irudishe mezani, maana hakuna kitu kama hicho. Mzani wa duka la jirani unamaliza ubishi: betri ya kweli ina gramu 45 hadi 50. Za uongo mara nyingi huwa na gramu 30 au chini, kwa sababu ndani kuna kibetri kidogo kilichozungushiwa ganda kubwa.

Boksi likisema taa inakaa saa 12, hizo ni saa za kumwekamweka. Piga hesabu yako. Betri ya mAh 2,600 kwa volti 3.6 inabeba wati-saa 9 na kidogo. LED pamoja na saketi yake hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati moja. Lumeni 400 zinakula wati 4, kwa hiyo una saa mbili na robo, na betri ikizeeka utakuwa na saa moja na nusu. Linganisha na safari yako. Karibu na ikweta giza haliulizi: jua likizama, dakika ishirini na ushee tu umebaki na nyota. Anayetoka kazini saa kumi na mbili na nusu na kufika nyumbani saa mbili anahitaji saa moja na nusu ya mwanga kamili kila siku, mbali na alfajiri. Taa yenye betri ya kuchomoa, ukawa na ya pili mfukoni, ni bora kwake kuliko ile iliyofungwa moja kwa moja ambayo betri ikifa unaitupa yote.

Tochi isiyo na kinga ya ndani huendelea kunyonya betri mpaka chini ya volti 2.5, na betri ya lithiamu ikifika huko imeharibika, hata ikikubali chaji tena. Mwanga ukianza kufifia, zima. Usichaji taa juu ya bati la jua wala kuiacha imechomekwa kitandani usiku kucha kwa chaja ya kubahatisha. Na kabla hujamrudishia muuzaji taa mpya yenye tundu la USB-C kwamba "haiingizi chaji", ijaribu kwa waya wa zamani wenye kichwa kipana cha USB upande wa chaja. Watengenezaji wa bei rahisi huruka vile vikinzani viwili vidogo vya kilo-omu 5.1 ndani ya tundu, na bila hivyo chaja yenye tundu la USB-C haitoi umeme. Taa ni nzima, waya ndio haufai.

Pesa ipeleke mbele, akili ipeleke nyuma. Taa ya nyuma haihitaji nguvu kubwa. Lumeni 20 hadi 50 nyekundu zinaonekana mbali sana usiku, na zile za 100 na kuendelea ni za mchana, usiku zinamtesa anayekufuata. Kinachoharibu taa ya nyuma ni mahali ilipo. Vitabu vingi vya kigeni vitakwambia uifunge kwenye bomba la kiti. Ni ushauri mzuri kwa mtu asiyebeba kitu. Huku kwetu nyuma ya bomba la kiti kuna keria, na juu ya keria kuna kreti la soda, gunia la mkaa, dumu nne za maji au mtu. Taa iko pale, inawaka, na hakuna hata dereva mmoja anayeiona.

Weka taa ya nyuma mwisho kabisa wa baiskeli: kwenye ukingo wa nyuma wa keria, au vizuri zaidi kwenye madigadi, chini ya keria. Keria peke yake ina tatizo la abiria anayekaa upande, kwani kanga au koti likining'inia linaifunika taa yote. Madigadi haifunikwi. Toboa matundu mawili ya milimita 5, weka washa pana (pete bapa ya chuma) kila upande kwa sababu bati la madigadi ni jembamba na mtikisiko utalichana, kaza nati mbili moja juu ya nyingine ili zisilegee. Sheria ya Uingereza inataka taa ya nyuma iwe kati ya sentimita 35 na mita 1.5 kutoka ardhini, na mkia wa madigadi unaingia humo bila shida. Mzigo ukitokeza pembeni, kama mkaa au majani ya ng'ombe, taa ya katikati inamdanganya dereva kuhusu upana wako. Funga vitaa viwili vidogo kwenye ncha mbili za mzigo, au angalau vipande vya utepe mwekundu unaoakisi.

Elekeza taa ya nyuma sawa na ardhi, si chini wala juu. Lenzi za LED hukusanya mwanga mbele yake, na ikiinama nyuzi 20 tu inapoteza sehemu kubwa ya ukali. Taa iliyobanwa kwenye begi la mgongoni, ukiinama kukanyaga inamulika mawingu. Iliyobanwa kwenye mfuko unaoning'inia inamulika lami. Mpe mwenzako baiskeli ikiwa imepakiwa kabisa, uende hatua mia moja nyuma, utazame umesimama, kisha ukiwa umepanda juu ya kitu, maana dereva wa lori anakaa juu kuliko wewe.

Kuhusu kumwekamweka: Ujerumani hairuhusu taa ya baiskeli kumweka hivyo, Uingereza imeruhusu tangu 2005, mradi iwe mara 60 hadi 240 kwa dakika. Mimi niko katikati. Mchana na jioni yenye foleni, taa inayomwekamweka inavuta jicho. Kwenye barabara ya giza totoro inavuta jicho pia, ila dereva hawezi kukadiria uko umbali gani, kwa sababu kila akianza kukulenga unapotea. Weka ya kudumu. Ukiwa na mbili, moja idumu, nyingine imweke. Mbele gizani usiweke ya kumweka kamwe, utashindwa hata kuiona njia yako. Na vile vitaa vya rangi vinavyouzwa kwa ajili ya urembo, bluu na kijani na nyeupe nyuma, viache. Mkataba wa Vienna wa 1968 wa usalama barabarani umeipa baiskeli nyeupe au manjano mbele na nyekundu nyuma, na dereva aliyechoka anasoma rangi kabla hajasoma umbo: nyeupe kwake ni kitu kinachokuja, nyekundu ni kitu kinachokwenda.

Kiakisi mwanga chekundu cha nyuma kisiondolewe hata ukiwa na taa nzuri. Hakina betri ya kuisha. Vile vya manjano kwenye pedeli ni bora kuliko vinavyodhaniwa, kwa sababu vinapanda na kushuka, na mwendo huo unasema "mtu anakanyaga" kabla hata baiskeli haijaonekana. Baiskeli nyingi za zamani zina rangi nyeupe kwenye mkia wa madigadi ya nyuma. Si pambo. Ioshe matope.

Dinamo je? Wengi wameitupa, na nadhani wameharakisha. Dinamo ya kusugua tairi hutoa volti 6 na wati 3 ukifika kilomita 15 kwa saa. Kwa mfumo wa balbu, wati 2.4 ni za mbele na 0.6 za nyuma. Hapa kuna ugonjwa ambao mafundi wengi hutibu dalili yake tu: balbu ya nyuma inaungua kila wiki. Dinamo husukuma karibu nusu ampea hata iweje. Waya wa mbele ukilegea kwa sekunde moja kwenye shimo, nusu ampea yote inakimbilia balbu ya nyuma iliyotengenezwa kwa ampea 0.1, nayo inakufa papo hapo. Usinunue balbu ya nyuma mpaka umekaza ya mbele.

Ugonjwa wa pili ni njia ya kurudi ya umeme. Mfumo wa waya mmoja unategemea fremu kurudisha umeme, na fremu ina rangi na kutu. Kikaza cha dinamo kina skrubu yenye ncha kali ya kutoboa rangi, na isipotoboa hakuna mwanga. Kwenye keria na madigadi, ambako kuna maungio matano yenye kutu, achana na fremu kabisa, vuta waya wa pili. Ni mita mbili za waya na dakika kumi za kazi.

Mkao wake: ukichora mstari kupitia katikati ya dinamo kwa urefu, upite kwenye kitovu cha gurudumu. Ikipinda, kigurudumu chake kinakwaruza tairi badala ya kuviringika, kinakula mpira na kupiga kelele. Mvua ikinyesha itateleza kidogo hata ikikaa sawa, hilo ni la asili yake. Kaza nati yake kila mwezi, kwa sababu dinamo iliyolegea ikaingia kwenye spoki inamrusha mtu.

Ukitaka kutia LED kwenye dinamo hiyo, usiiunge moja kwa moja. Umeme wake unageuka mbele na nyuma, na LED haivumilii kusukumwa kinyume. Tumia dayodi nne za 1N5819 (dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu) zilizopangwa kama daraja, kisha LED mbili za wati 3 kwa mfuatano juu ya kipande cha alumini cha kupoza. LED za wati 1 zitaungua, maana hiyo nusu ampea inazidi uwezo wake. Mwanga utapepesa ukienda polepole, na ukisimama utazimika, ndiyo sababu ya kuwa na kitaa kidogo cha betri nyuma.

Kuhusu maji, angalia alama ya IPX, yaani daraja la kuzuia maji: tafuta IPX4 kama unapanda mara chache mvuani, IPX6 kama masika hayakuzuii. Kinachoingiza maji mara nyingi ni kile kifuniko cha raba cha tundu la chaji, ambacho baada ya miezi sita ya jua hakifungi tena. Kipake vaselini kidogo, na ufunge taa tundu likiwa limeelekea chini. Mikanda ya raba ya kufungia nayo hupasuka kwa jua, na taa inayoanguka usiku huioni ikianguka. Beba kipande cha mpira wa ndani wa tairi, kina kazi hiyo na nyingine kumi.

Taa inayochomoka kwa kubonyeza itaibiwa sokoni siku ya kwanza utakayoisahau. Kwa baiskeli inayolala nje, nyuma weka ya kufungwa kwa nati, na ncha ya bolti itandikwe nyundo nati ikishakazwa.